Hina ya Bi Mistari

Bagamoyo, baada ya sala ya Alasiri

Rukia mwanangu,

Salamu sikuandikii. Tumeamkiana leo asubuhi: ulinishika mkono ukasema shikamoo huku unatazama sahani ya vitumbua, nami nikasema marahaba huku naitazama sahani hiyo hiyo. Ndiyo salamu tuliyo nayo kwa sasa, basi na ituhesabikie.

Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu kwa kuwa ndizo ninazozijua. Najua utapata taabu. Utafuata maneno kwa kidole kama mtoto aliyeanza juzuu jana, utakwama, utaguna. Guna tu. Mwalimu wako wa chuo cha Kurani alikuwa akinijia mlangoni kunieleza kuwa binti yangu ametoroka tena, nami nikikutetea, nikisema kichwa kinamuuma. Ukikwama leo, ujue ni kichwa kile kile.

Naandika pia kwa sababu nyumba hii leo haina mahali pa kusemea neno. Shangazi yako Zuhura amekaa ukumbini tangu asubuhi, anafunga mizigo yako, anaifungua, anaifunga tena. Baba yako anaingia na kutoka na pasi yako ya safari mkononi, na kila anayepita barazani lazima aonyeshwe. Wewe uko juu unajaribu koti. Mambo ya baridi, ya vyakula vyao, ya kuangalia sanduku bandarini, yote umeshaambiwa na watu ambao hata Unguja hawajafika. Sina la kuongeza hapo.

Mimi nina jambo moja. Kesho alfajiri utapanda basi la Dar es Salaam, na huko utapanda meli, uende Uingereza kusomea uuguzi. Na baada ya uuguzi, kama ulivyomnong'oneza binti wa jirani naye akaninong'oneza mimi, unataka kuingia katika jeshi la anga uwe kama Bi Mistari. Na mpaka saa hii, Rukia, hujaniomba radhi zangu. Umemwomba baba yako. Umemwandikia ami yako aliyeko Pangani. Hata mwalimu mkuu wa shule umemwendea na mkono wa kushukuru. Mimi habari nimezipata kwa fundi Abdu. Nilimpelekea kitambaa cha foronya, akaniuliza kama kola ya koti la Rukia aitie bitana nzito, maana huko aendako baridi inaingia shingoni. Nikasimama pale kama mtu anayeelewa kinachosemwa, nikamwambia atie nzito. Kisha nikarudi nyumbani nikakaanga samaki, nikawaunguza wote, na mchana mkaniuliza kama naumwa.

Najua kwa nini hukuniuliza. Uliniuliza kichwani mwako, ukanijibu wewe mwenyewe kwa niaba yangu, na katika jibu hilo nilikataa. Nililia pia, bila shaka, na kutaja majina ya vijana wa kukuoa. Umenitengeneza mama mzima huko kichwani mwako, ukamwogopa, ukamkimbia. Na mimi wa kweli nimebaki hapa chini napeta mchele.

Basi kaa kitako nikueleze habari ya huyo Bi Mistari, ambaye picha yake umeitundika juu ya kitanda chako. Unayemjua wewe ni kofia tu. Ulikuwa na miaka minne au mitano, ukipanda ngazi kwa mikono na magoti mpaka kwake juu, naye anakuvika kofia yake inakufunika hadi puani, anakupigia saluti, unacheka mpaka unakwama pumzi. Kofia hiyo hujaivua mpaka leo. Mimi nilikuwepo katika yote yaliyobaki.

Ilikuwa katikati ya vita. Baba yako alirudi kutoka dukani akasema serikali inataka ghorofa yetu ya juu kwa ajili ya afisa wa jeshi la anga. Sote tukajua ni mwanamume. Nikaondoa mapazia yangu mazuri nikatundika mabovu, maana nilijua wanaume wakivuta sigara wanafuta wapi mikono. Akashuka garini mwanamke mrefu, nywele zimekatwa usawa wa shingo, nguo za kaki, na mabegani vitambaa vyenye mistari: miwili minene, na katikati yake mmoja mwembamba. Hajamaliza kupanda ngazi, mtaa ulikuwa umeshamwita Bi Mistari. Na mapazia yangu mabovu yakamkaribisha.

Kazi yake ilikuwa kule upande wa Mbegani, ambako walisimamisha milingoti ya simu ya upepo. Wanajeshi wa Kizungu walikaa huko usiku na mchana wakisikiliza ndege zilizokuwa zikiruka baharini kutafuta manowari za adui, zile zinazopita chini ya maji. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mtu mwenye masharubu na kifua cha pipa alikuwa akimwona Bi Mistari anasimama wima, anatupa sigara, anapiga saluti. Sisi wanawake wa mtaa tulichungulia hayo kupitia upenyo wa mlango na hatukulala.

Maana swali lilikuwa: amekipataje cheo hicho? Bibi yako, mama yake baba yako, Mungu amrehemu, ndiye aliyelitatua. Alimchunguza. Akaona hana pete wala hereni, hatii wanja, hajifukizi, harufu yake sabuni tu. Anatoka kwenda kazini, anarudi, anajifungia, hamtembelei mtu. Bibi yako akasema, "Huyu yumo edani. Mumewe kafa vitani, naye kapewa cheo cha marehemu akishike mpaka vita viishe, kama mjane anavyoshika funguo za duka." Kila kitu kikakaa mahali pake. Sisi tulijua mjane akiwa edani hajipambi, hatembei bila haja, anangoja siku zake zitimie ndipo atolewe kwa maji na manukato. Hakuna aliyepanda kumwuliza. Kumwuliza mtu aliyefiwa ni utovu wa adabu, na sisi adabu tulikuwa nayo tele. Tukaanza kumpelekea chakula cha pole. Wewe ndiye uliyekuwa ukibeba sahani, na nusu ya vipande ulikuwa unavila ngazini.

Mimi nilizoeana naye kuliko wengine kwa sababu alitaka kujifunza Kiswahili. Jioni aliketi ngazi ya juu, mimi ngazi ya chini yake nikichambua mchicha, tukasema. Habari za mume sikumgusia hata siku moja. Nilimwuliza habari za kazi.

Alianza kama mpiga taipu katika ofisi ya mfanyabiashara wa makaa. Jeshi la anga lilipotangaza kuwa linataka wanawake, akaacha taipu akaenda, akidhani ataendesha ndege. Wakampa ufagio. Kisha wakampa taipu, ndugu yake ile aliyoikimbia. Wanaume walipopungua wakamwingiza katika chumba chini ya ardhi, penye meza kubwa iliyochorwa ramani, na wasichana wameizunguka wakiwa na fimbo ndefu, wanasukuma vibao. Kila kibao ni ndege zilizoko angani saa hiyo. Wanasikia kwa simu, wanasukuma. Ndege zikianguka, kibao kinatolewa mezani, msichana anaendelea na kingine. Aliniambia kuwa anayetoa kibao bila mkono kutetemeka ndiye aliyepandishwa cheo. Yeye mkono haukutetemeka mezani. Ulitetemeka baadaye, kitandani, ambako hapakuwa na mkubwa wa kuona. Hivyo ndivyo alivyopata mstari wa kwanza, na wa pili, na ule mwembamba.

Nikamwuliza, "Na ndege uliendesha lini?"

"Sijaendesha, Mama Rukia. Hawaturuhusu."

"Basi unafanya nini katika jeshi la ndege?"

Akafikiri, maana maneno yalikuwa bado machache. "Najua zilipo," akasema.

Sasa hina. Hadithi ya hina unaijua, umeicheka tangu utotoni, lakini unaijua kama anavyoisimulia shangazi yako, na shangazi yako huishia pale anapochoka kucheka.

Siku za eda zilipotimia, kwa hesabu ya bibi yako aliyeanza kuhesabu tangu mizigo ilipopandishwa ngazi, tukapanda wanawake wa mtaa mzima. Sinia ya hina, chetezo cha udi, marashi, doti ya kanga mpya, halua. Yeye alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Mbegani, buti moja mguuni na moja mkononi. Bibi yako akamwambia, "Mwanangu, siku zako zimetimia. Mungu amrehemu marehemu. Tumekuja kukutoa." Bi Mistari akasema, "Asanteni sana. Karibuni." Hilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo aliloelewa nusu. Mimi nililijua hilo, mimi niliyemfundisha, na nilinyamaza. Mkwe wangu alikuwa anasema, na mbele ya mkwe wangu sikuwa nafungua mdomo ila kwa kuonja chumvi.

Tukamwosha miguu kwa marashi. Tukamfukiza nywele. Tukampaka hina, na si maua ya bibi harusi; bibi yako alisema mjane anapakwa kwa kujaa, vidole vyote na viganja na nyayo. Tukamfunga vitambaa. Aliitazama mikono yake iliyofungwa, kisha machozi yakamtoka, akalia kwa sauti. Bibi yako akatutazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nasi tukalia. Tulimlilia yule marehemu vizuri sana, Rukia, na shangazi yako Zuhura ndiye aliyeongoza.

Kesho yake bwana mkubwa wa kijeshi alikuja kutoka Dar es Salaam kukagua kituo. Sisi hatukujua. Bi Mistari alijua, lakini alidhani hina ni rangi ya kutoka kwa sabuni. Asubuhi mapema nilimsikia juu anasugua. Alisugua kwa sabuni, akaomba ndimu, akaomba mafuta ya taa, akaomba mchanga, nami nikampelekea kimoja kimoja nikijisemea, maskini, katoka edani anafanya usafi. Ilikuwa hina ya bibi yako, yenye mafuta ya karafuu. Kadiri alivyosugua ndivyo ilivyozidi kuiva. Akatoka hivyo. Akampigia saluti bwana mkubwa kwa mkono mwekundu wa hina. Hapo ndipo shangazi yako huishia, na watu huanguka kwa kicheko.

Yaliyofuata niliambiwa na Salumu, mtu wa Zinga, aliyekuwa dereva wake, siku moja alipokuja dukani. Yeye alikuwa amesimama kando ya gari siku ile. Bwana mkubwa aliuliza hiki ni nini. Bi Mistari akajibu kuwa ni heshima aliyofanyiwa na majirani. Hakusema amelazimishwa, hakusema hakuelewa. Bwana mkubwa akasema afisa anayejiachia apakwe rangi na wenyeji hawezi kukabidhiwa kituo kikubwa. Maana alikuwa anangojea, Rukia. Ule mstari mwembamba ulikuwa karibu kunenepa. Alikuwa aende Dar es Salaam kuwa mkubwa wa watu wote wa simu ya upepo wa pwani hii, na hilo hakutuambia kwa kuwa kwao habari njema haisemwi mpaka imefika. Nafasi akapewa kijana ambaye jana yake alikuwa akimpigia saluti yeye.

Nilipanda ngazi bila kuvaa hata viatu.

"Kwa nini hukutuambia?" nikamwuliza.

"Niwaambie nini?"

"Kwamba bwana mkubwa anakuja."

"Nilidhani itatoka."

"Hina haitoki. Kila mtu anajua hina haitoki."

"Mimi sikujua," akasema. Kisha akaniuliza, polepole, kama mtu aliyelibeba swali siku nyingi, "Mama Rukia, yule marehemu ni nani?"

Nikamwambia, "Mume wako."

Alinitazama. Akasema hana mume, hajapata kuwa naye. Alikuwa na mchumba, na mchumba alimtaka aache jeshi, maana kwao mwanamke akishika mimba anaondolewa kazini. Yeye akachelewa kujibu, na mchumba akaoa mwingine. Yuko hai, ana duka la vyombo vya nyumbani na watoto wanene. Mtu tuliyemlilia mtaa mzima alikuwa kwake anakunywa chai.

Ndipo nilipokasirika kwelikweli. Aibu ilinipanda kichwani ikatoka kwa njia ya hasira, kama inavyonitokea mpaka leo, nawe unanijua. Nikamwambia, "Basi ulikuwa unalia nini?"

Akasema, "Mkono wangu watu wanaupigia saluti. Hakuna anayeushika. Ninyi mliushika mchana kutwa."

Mtu mwema angemkumbatia. Mimi nilimgombeza. Nilimwambia angesema hapana. Neno hapana nilimfundisha wiki ya kwanza kabisa. Akanijibu, "Na ninyi mngeuliza." Hakulisema kwa ukali. Nilishuka ngazi nikikanyaga kwa nguvu. Neno lake hilo limenikera miaka yote hii, kwa sababu kila nikilipindua naona ana haki, nami sipendi kushindwa.

Usidhani alivumilia kama watu wa kwenye hadithi. Yule kijana alipokuja kuwa mkubwa wake, Bi Mistari alimfundisha kazi, ndiyo, lakini nyumbani alitembea huku na huku juu ya vichwa vyetu mpaka vumbi la dari likamwagika katika chungu changu. Alimfokea Salumu kwa makosa ya barabara. Siku moja ulipanda na sahani yako, akakufungia mlango. Ulikaa ngazini ukalia mpaka nikaja kukuchukua. Hilo hulikumbuki, unakumbuka kofia. Nilimwambia aache kazi arudi kwao. Akaniuliza, "Kwetu nikafanye nini? Nipige taipu?" Yule mwanamke alinizoesha kunyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Kabla hajahamishwa alitaka kunifundisha herufi za Kizungu, alipe Kiswahili nilichompa. Alikuwa ameshanikatia karatasi. Nikamwambia hapana, mume wangu hatapenda. Hapana hiyo niliisema vizuri na kwa haraka. Miaka ikapita, wewe ukaanza shule, na siku moja tukila nikamtajia baba yako kisa hicho kama mtu anayetaja mvua ya zamani. Akaacha tonge hewani. "Mimi nisipende? Nani kakwambia? Ningekununulia kalamu." Nilimnunia wiki nzima, kwa kosa la kuwa mtu mzuri bila kunijulisha. Lakini nani alikuwa na kosa? Nilimjibia. Nilimkalisha kichwani mwangu, nikamfanya mkali, nikamtii.

Ndiyo maana barua za Bi Mistari, zilipoanza kuja baada ya vita, nikawa mtu wa kusomewa. Kwanza alinisomea baba yako kwa kusuasua. Kisha ukanisomea wewe, harakaharaka, na kuruka. Ulidhani sijui kuwa unaruka? Ukurasa umejaa juu mpaka chini, nawe unaniambia, "Anakusalimu, mvua zinanyesha."

Hata hivyo niliyoyapata yanatosha kuelewa. Alipelekwa kwenye jua, akapelekwa kwenye theluji. Vita vilikwisha, wenzake wengi wakarudishwa majumbani, yeye akang'ang'ania. Ule mstari mwembamba ulichukua miaka kunenepa, na kila mara palikuwa na bwana fulani aliyekumbuka habari za hina. Ukanenepa. Ukaja wa nne. Sasa wanawake wengi wa jeshi lile wako chini ya mkono wake, na picha aliyotuma ina uso wa mtu aliyezoea kusikilizwa. Pete hana mpaka leo, wala sijui kama anaitaka. Simwonei huruma, na wewe usimwonee, maana anachokifanya anakipenda. Ndege hajaendesha. Amebaki kujua zilipo.

Na mwezi huu, baba yako, ambaye siri kwake hukaa kama maji kwenye kiganja, alisema jambo wakati namkandia unga. Alisema katika barua ya mwisho, ile ya kutujulisha kuwa amekupatia nafasi ya masomo, Bi Mistari ameuliza hivi: je, Mama Rukia ameulizwa? Hakuuliza kama nimekubali. Ameuliza kama nimeulizwa. Na wewe, mwanangu mwenyewe, ulipofika kwenye maneno hayo uliyaruka ukaniambia mvua zinanyesha.

Nilikasirika hivi kwamba mikate ile ilitoka migumu, mkaila bila kusema kitu, wanafiki wakubwa.

Rukia, sikukatazi kuwa yeye. Wala sikusihi uwe yeye. Nakwambia tu nilichokiona kwa macho. Huko uendako watakuwepo watu wakali, na hao utawajua mapema. Wanaonitisha ni wale wema, watakaokuja na masinia yao, wamekwisha kukuamulia wewe ni nani na umefiwa na nani, na wewe kwa adabu niliyokutia utasema asanteni, karibuni, kisha asubuhi unasugua. Na watakuwepo wale utakaowajibia wewe, kama nilivyomjibia baba yako. Mlango utauona umefungwa, kumbe haujasukumwa. Mimi nimeishi humo. Nimekosa kusoma jina langu mwenyewe kwenye bahasha kwa sababu ya swali moja ambalo sikuliuliza sebuleni mwangu.

Nilimkasirikia yule mwanamke, nikajikasirikia mimi, na sasa nakukasirikia wewe, na ninavyoona ni hasira moja tu imehama nyumba. Nakupenda, umeniudhi, na leo siwezi kukwambia lipi limezidi. Ukiondoka kesho bila radhi zangu, safari itakwenda; meli haiulizi. Baba yako atasema mama alikuwa na kazi jikoni. Lakini utaondoka na yule mama uliyemtengeneza kichwani, yule wa kukataa, utamwandikia yeye barua zako na kumwogopa yeye huko kwenye baridi. Mimi nitabaki hapa na Rukia niliyemtengeneza mimi, binti asiyemjali mama yake. Hao wawili wataandikiana miaka na miaka, na sisi hatumo.

Barua hii naitia katika mfuko wa koti, maana najua utalijaribu tena kabla ya Magharibi. Shangazi yako nimemtuma kwa jirani akaazime kamba, na ninavyomjua atachelewa. Baba yako yuko barazani na pasi yake. Niko jikoni, na mlango sijaurudisha.

Shuka. Usimtume mtu akusemee, usije na zawadi, usianze kwa kulia ukanimaliza nguvu. Simama hapo kwenye kizingiti uniulize kwa mdomo wako kama ninaridhia uende. Ukinikuta nimekupa mgongo, uliza hivyo hivyo. Pengine unaogopa nitasema hapana, na ni kweli naweza kusema. Mtu akiulizwa anaweza kusema lolote.

Lakini uliza, mwanangu. Jibu lako ninalo siku nyingi, na nimechoka kukaa nalo peke yangu.

Ni mimi mama yako,
Mwanaidi